Msaada: kompyuta ya dukani inajizima na kujiwasha yenyewe, tumeshapiga Windows na kubadilisha ramu lakini bado

#1 MwanaNgamiani

Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga, Ngamiani, namsaidia mama mdogo kwenye duka lake la kuchapa na kutoa kopi. Kompyuta yetu ni ya mezani, used, i5 ya kizazi cha 4, ramu GB 8, diski SSD ya GB 240. Tuliinunua mwaka 2021 na haikuwahi kutusumbua hadi mwezi uliopita.

Tatizo lenyewe: unafanya kazi, ghafla skrini inakuwa nyeusi, sekunde mbili tatu hivi, nembo inatokea na Windows inaanza upya kama vile mtu kabonyeza kitufe. Hakuna skrini ya bluu, hakuna onyo. Hata feni haisimami kabisa, unasikia tu sauti inashuka kisha inapanda. Kuna siku inafanya mara 2, kuna siku mara 6.

Fundi wa kwanza alipiga Windows, shilingi 20,000. Kesho yake ikajizima kabla ya saa sita mchana. Wa pili akasema ramu imekufa, akaweka nyingine kwa 35,000. Hakikubadilika kitu. Jana wa tatu katuambia mazabodi (ule ubao mkuu wa ndani) imechoka, tununue nyingine kwa 180,000, na mama mdogo ameshaanza kuhesabu hela.

Kilichonileta hapa ni cha juzi. Binti mmoja wa chuo alikaa dukani anarekebisha ripoti yake ya utafiti, kurasa 60 na kitu, masahihisho ya saa mbili nzima. Ikajizima. Binti wa watu alilia palepale, na tuliokoa nusu tu ya kazi yake. Sitaki limkute mwingine, wala sitaki mama mdogo atoe 180,000 kwa kubahatisha. Naombeni mwongozo.

#2 Kijana wa Moro

Pole sana mkuu. Hiyo ni joto. Fungua tawa, puliza vumbi, badilisha pesti ya prosesa. Yangu ilikuwa hivyohivyo.

#3 Nyaraka

Mimi naona kirusi. Tuliokuwa na kafe za intaneti mwaka 2003 tunakumbuka Blaster, Agosti ile. Windows XP ilikuwa inakuletea kidirisha, inahesabu sekunde 60 kurudi nyuma, kisha inajiwasha upya. Mwaka uliofuata akaja Sasser na mchezo uleule. Tulikuwa tunakimbilia kuandika shutdown -a kabla sekunde hazijaisha ili tupate muda wa kupakua kiraka. Duka la kutoa kopi linapokea flashi za kila mtu, kwa hiyo kagua virusi kwanza.

#4 Fundi Koleo

Mwanangu, mwambie mama mdogo asitoe hata shilingi mpaka tujue ugonjwa. Kompyuta yenu imeshabadilishiwa vitu viwili bila kuulizwa swali hata moja, na hilo linaniuma, kwa sababu mashine yenyewe huandika kumbukumbu ya kilichoipata. Ni suala la kwenda kuisoma.

Kompyuta ikijiwasha upya, ujue imepatwa na moja ya mambo matatu.

La kwanza, imeamriwa. Programu fulani, sasisho la Windows au kirusi, imeiambia ianze upya. Hapo Windows hufunga milango vizuri na kuandika tukio namba 1074, pamoja na jina la aliyetoa amri. Blaster anayemtaja Nyaraka alikuwa wa aina hii. Alisababisha huduma moja ya Windows ife, na Windows yenyewe ikaamua kuanza upya, ndiyo maana mlipewa sekunde 60. Ya kwenu haitoi hata nusu sekunde.

La pili, imeanguka. Windows imekutana na kosa ambalo haiwezi kuendelea nalo, labda draiva mbovu, ramu, au diski. Hapo huonyesha skrini ya bluu, huandika tukio 1001 lenye namba ya kosa, na huacha faili ndogo kwenye C:\Windows\Minidump. Ila tangu kiwandani imewekewa ijiwashe mara moja baada ya hapo, hivyo wengi hawaioni hiyo bluu. Zima hiyo tabia: bonyeza kitufe cha Windows na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, halafu Startup and Recovery, uondoe alama kwenye Automatically restart. Kama tatizo ni la aina hii, safari ijayo skrini ya bluu itabaki pale na utaipiga picha kwa simu.

La tatu, imekatwa. Umeme wa ndani umeyumba, au kitu kimegusa waya wa kuwashia upya, na Windows haikupata nafasi ya kuandika chochote. Ikiamka inagundua kuwa mara iliyopita haikufungwa vizuri, ndipo inaandika tukio 41 la Kernel-Power na tukio 6008. Hayo mawili huandikwa baada ya kifo, na mwandishi hakuona muuaji. Watu wanayasoma kama jibu wakati ni taarifa ya msiba tu.

Kuhusu joto, ndugu wa Moro hajakosea kulitaja. Lakini prosesa za Intel zikifika karibu nyuzi 100 huanza kujipunguza kasi zenyewe, na zikizidi hapo mashine kwa kawaida hujizima na kubaki imezimwa. Ya kwenu inarudi ndani ya sekunde tatu. Pima hata hivyo, pakua HWiNFO, programu ya kusoma joto la mashine, uiache wazi siku nzima.

Kazi yako ya leo: fungua eventvwr.msc, ingia Windows Logs, kisha System, utafute namba 41, 1001, 1074 na 6008 za siku saba. Kwenye 41 bonyeza Details usome mstari wa BugcheckCode. Halafu tafuta daftari la kurasa chache. Kila ikijizima, andika saa, nani alikuwa amekaa, na alikuwa anafanya nini dakika ileile. Usiandike "inasumbua tena". Andika alichokuwa anafanya.

#5 MwanaNgamiani

Shukrani sana fundi. Nimefanya usiku huu. Siku saba zilizopita kuna 41 mara 23, na kila moja ina 6008 pembeni yake. BugcheckCode zote zimeandikwa 0. Hakuna 1001 hata moja na folda ya Minidump haipo kabisa. 1074 ipo moja tu, ya Jumapili saa tisa usiku, imeandikwa Windows Update.

Automatically restart nimeiondoa. Daftari nimempa mama mdogo, amelipokea kwa moyo mmoja.

#6 Fundi Koleo

Safi sana. Hiyo 1074 ya usiku ni sasisho, iache. Zilizobaki 23 ni za aina ya tatu. Sifuri pale maana yake Windows haikurekodi kosa lolote lake, ilikatwa tu. Kwa hiyo ile 20,000 ya kupiga Windows haikuwa na kazi, na kwa kiasi kikubwa hata ya ramu, maana ramu mbovu mara nyingi huacha skrini za bluu zenye namba zinazobadilikabadilika: leo 0x1A, kesho 0x50. Nasema mara nyingi, sisemi siku zote, kwa hiyo tutaipima.

Lakini msikimbilie kununua pawa saplai, kile kisanduku cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme. Najua wengi wataandika hapa chini kwamba 41 ni pawa saplai. Inaweza kuwa, na inaweza kuwa kila kitu kilicho kati ya nguzo ya umeme na mazabodi. Tuanze na vya bure.

Zima, chomoa waya ukutani, fungua ubavu. Angalia kapasita zilizo karibu na prosesa, zile kopo ndogo zilizosimama. Juu ziwe bapa. Ikiwa moja imevimba au imetoa ute wa kahawia, hapo tena tutazungumza habari ya mazabodi. Angalia pia kama kuna mende au mjusi aliyekauka. Sisi wa pwani tuongeze na kutu ya chumvi kwenye pini. Kisha chomoa ile plagi ndogo ya nyaya mbili yenye maandishi RESET SW. Kompyuta itafanya kazi bila hiyo. Mwisho, usiku mkifunga, chukua flashi, weka MemTest86+, programu ya kupima ramu, iache izunguke hadi asubuhi.

Onyo moja la dhati: kisanduku cha pawa saplai chenyewe usikifungue. Ndani kuna kapasita inayoshika zaidi ya volti 300, na inaweza kuzishika kwa muda hata baada ya kuchomoa.

#7 LikoniFeri

Naunga mkono hapo kwa RESET. Nina mashine hapa Mombasa iliyonitesa miezi miwili. Nilibadilisha pawa saplai, nikabadilisha hata soketi ya stima. Kumbe kitufe cha mbele kilikuwa kimejaa uchafu, kinagusa chenyewe ukitikisa meza. Nilichomoa hizo nyaya mbili na mpaka leo haijarudia.

#8 Salha_T

Samahani kuingilia. Mimi laptop yangu inajizima nikifungua video nyingi, na haijiwashi mpaka nisubiri dakika kumi. Ni tatizo hilohilo?

#9 Fundi Koleo

Dada Salha, lako ni tofauti kabisa, ndilo la joto analolisema ndugu wa Moro. Inajizima ikiwa na kazi nzito, inakataa kuwaka mpaka ipoe. Isafishwe feni na mapezi ya hiti sinki, iwekwe pesti mpya, na usiiweke juu ya kitanda. Ikiendelea fungua uzi wako nitakuja.

#10 MwanaNgamiani

Ripoti ya siku tatu.

Kapasita ziko bapa zote. Vumbi lilikuwepo, nimelitoa. Hakuna mjusi. RESET nimeichomoa tangu Jumatatu na bado inajizima, kwa hiyo si kitufe.

Joto: prosesa haijapita nyuzi 67.

MemTest86+ nimeiacha tangu saa mbili usiku hadi saa moja asubuhi. Imemaliza mizunguko 4, makosa 0, na haikujizima hata mara moja. Nilidhani labda imepona, asubuhi saa tatu na robo ikajizima.

#11 Fundi Koleo

Soma tena sentensi yako ya mwisho. Saa 11 mfululizo, prosesa na ramu zinafanya kazi kama punda, na haikujizima. Ukiifikisha saa tatu asubuhi dukani, inakufa. Mazabodi iliyochoka haijui kama duka limefunguliwa. Kuna kitu kinachokuja na mchana ambacho usiku hakipo. Lete daftari.

#12 MwanaNgamiani

Hili hapa, nimenakili kama mama mdogo alivyoandika.

Jumatatu saa 3:20, nachapa barua ya kuomba kazi. Saa 5:05, nimetoka kuongea na mteja, nimerudi nachapa cheti. Saa 8:40, baada ya kula, naprinti fomu.
Jumanne saa 2:50, ukurasa wa kwanza wa siku. Saa 10:15, naprinti risiti.
Jumatano saa 3:15, naprinti CV. Saa 7:30, sikuwa nafanya kitu, nilikuwa nasoma ujumbe. Saa 9:55, fomu za shule, ilijizima kwenye ya kwanza, zilizofuata 40 zikatoka zote vizuri.

#13 BintiMakorora

Mimi si fundi, ni mhasibu, kazi yangu ni kutazama safu za namba. Naomba niseme ninachokiona. Mara 7 kati ya 8 alikuwa anachapa. Na si kuchapa tu, ni ukurasa wa kwanza baada ya printa kukaa kimya: baada ya kula, baada ya kuongea na mteja, mwanzo wa siku. Zile 40 zilizofuata hazikuleta shida. Printa ni ya aina gani na imechomekwa wapi?

#14 Fundi Koleo

Dada wa Makorora, Mungu akubariki. Umemaliza kazi ambayo watu wamelipwa 55,000 bila kuifanya.

Mwanangu, jibu maswali yake. Halafu nenda kamuulize mama mdogo, taratibu, kama kuna kitu chochote anasikia kabla haijajizima. Yeye ndiye anayekaa pale kutwa.

#15 MwanaNgamiani

Printa ni ya leza, nyeusi na nyeupe. Dukani kuna soketi mbili. Moja ina mashine ya kopi. Nyingine ina ekstensheni ya matundu manne: UPS, printa, chaja za simu na feni ya mezani. Kompyuta na monita zimechomekwa kwenye UPS, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika. UPS tuliinunua pamoja na kompyuta mwaka 2021.

Nimemuuliza mama mdogo. Kasema, "Ile boksi ya chini hugonga tak, halafu ndiyo inazima. Mbona hugonga siku zote." Boksi ya chini ni UPS. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Na kingine: nimeshika plagi ya ekstensheni wakati printa inaanza, ina moto. Pembeni plastiki imegeuka kahawia.

#16 Fundi Koleo

Chomoa hiyo ekstensheni sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Plagi ya kahawia ni mwanzo wa moto, na duka lenu limejaa karatasi.

Sasa nieleze kwa urefu kidogo, kwa sababu maduka ya kopi yenye mpangilio huu ni mengi kuanzia Ngamiani hadi Kariakoo.

Printa ya leza haipaki wino wa maji. Inabandika unga kwenye karatasi kisha inauyeyusha kwa roli la moto, karibu nyuzi 180 hadi 200. Ikikaa kimya, roli linapoa. Ukituma ukurasa wa kwanza, printa inawasha hita yake kwa nguvu zote, kati ya wati 600 na 1,000 kwa printa ndogo, na kwenye taa ya hita iliyopoa ule mvuto wa mwanzo kabisa huwa mkubwa zaidi ya hapo. Kurasa zinazofuata zinakuta roli lina moto tayari, zinahitaji kuongezewa kidogo tu. Ndiyo maana fomu 40 zilipita.

Umeme huo wote unapita kwenye ekstensheni nyembamba yenye plagi iliyolegea. Mguso uliolegea una ukinzani, na ukinzani ukipitiwa na ampea nyingi unakula volti. Kwa hiyo kwa muda mfupi sana volti kwenye ekstensheni nzima zinadondoka.

UPS inaona huo mdondoko na inafanya kazi yake kwa uaminifu. Inajitoa kwenye umeme wa ukutani na kuhamia kwenye betri. Hiyo ndiyo "tak" ya mama mdogo, ni relei, swichi ya ndani ya UPS, inayohama. Ila betri ya tangu 2021, kwenye joto la Tanga, nina wasiwasi imekufa. Betri hizi za risasi huishi miaka 3 hadi 5, na kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha yake karibu nusu. Kwa hiyo UPS imeruka kutoka kwenye daraja zima kwenda kwenye daraja lisilokuwepo. Kompyuta inabaki bila umeme mpaka relei irudi.

Pawa saplai nzima inaweza kushikilia kwa kapasita zake kama milisekunde 16 hivi umeme ukikatika. Ni chini ya wimbi moja la umeme wetu wa hezi 50, ambalo huchukua milisekunde 20. Ikishindwa, inashusha ishara kwenye waya wa kijivu unaoitwa PWR_OK, ambao kazi yake ni kuiambia mazabodi "volti si za kuaminika tena". Mazabodi inasimamisha prosesa papo hapo. Umeme ukirudi, ishara inapanda, kompyuta inaanza upya. Hapo ndipo inapotoka ile tabia uliyoieleza siku ya kwanza, feni inashuka sauti bila kusimama.

Haya yote bado ni dhana. Sasa tuipime, kitu kimoja kimoja. Ukibadilisha viwili kwa pamoja hutajua kipi kimeponya.

#17 LikoniFeri

Fundi, ungempa aazime pawa saplai nyingine pia ajaribu. Nami bado naishuku hiyo ya ndani.

#18 Fundi Koleo

Wazo zuri ndugu, ni kipimo halali. Mwanangu, ukipata ya kuazima, kwanza linganisha plagi zake na mazabodi yenu. Kompyuta nyingi used za kizazi hicho hazitumii ile plagi ya kawaida ya pini 24, zina za kwao za pini 6 au 8. Usilazimishe kuingiza na usikate nyaya.

#19 MwanaNgamiani

Wakuu, samahani kwa ukimya, nilitaka nirudi na majibu kamili.

Siku ya kwanza niliazima pawa saplai kwa jirani mwenye kompyuta kama yetu, pini zinafanana. Nikarudisha kila kitu kama zamani, isipokuwa ekstensheni nimenunua nene mpya. Ukurasa wa kwanza, UPS ikagonga tak, kompyuta ikajizima. Kwa hiyo pawa saplai yetu haina kosa. Nimeirudisha.

Siku ya pili nikahamisha printa, nikaichomeka ukutani kwenye soketi ya mashine ya kopi, mbali na UPS. Siku mbili nzima, kuchapa kwa kawaida, haikujizima kwa kuchapa hata mara moja. Ila siku ya pili yake mchana taa zilipepesa mtaa mzima, tak, ikajizima. Nikaelewa na ile ya Jumatano saa 7:30 ambayo mama mdogo hakuwa anachapa.

Siku ya nne nikachomoa kompyuta kwenye UPS, nikaweka taa ya mezani badala yake, nikachomoa UPS ukutani. Taa ilizima papo hapo. Nikafungua mlango wa betri: volti 12, ampea-saa 7, upande mmoja imevimba. Nimeipima ikiwa nje: volti 9.8.

#20 Fundi Koleo

Betri ya volti 12 iliyojaa ikiwa imechomolewa inasoma 12.7 au zaidi. 9.8 ni maiti. Nunua mpya ya vipimo hivyohivyo, angalia nyekundu na nyeusi zisibadilike nafasi, na hiyo iliyovimba msiitupe jalalani, ina risasi na asidi. Wapelekeeni wanaonunua betri mbovu za magari.

Ukishaiweka, nakuomba kitu ambacho wengi hawapendi kufanya. Urudishe ugonjwa. Kwa dakika tano tu, weka betri ya zamani, irudishe printa kwenye ekstensheni moja na UPS, uchape ukurasa printa ikiwa baridi. Kama itajizima, tumemshika. Halafu weka mpya, uchape tena palepale.

#21 MwanaNgamiani

Nimefanya mbele ya mama mdogo na yule binti wa ripoti, alikuja kuchukua nakala zake.

Betri ya zamani, printa kwenye ekstensheni: tak, ikajizima. Nikasubiri printa ipoe nusu saa, nikarudia: tak, ikajizima. Betri mpya, mpangilio uleule: tak, na kompyuta ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mama mdogo alipiga makofi.

Kisha nikairudisha printa kwenye soketi ya ukutani, inakokaa sasa.

#22 Nyaraka

Nimejifunza, mkuu. Mimi ningepiga Windows mara ya pili. Swali: kwa nini printa isichomekwe kwenye UPS yenyewe, ili nayo ilindwe?

#23 Fundi Koleo

UPS ndogo ya VA 650 inatoa chini ya wati 400. Hita ya printa peke yake inapita hapo. UPS itazidiwa na kuzima kila kilichochomekwa, na ndiyo maana watengenezaji wa printa na wa UPS wote wanakataza. Umeme ukikatika katikati ya ukurasa unapoteza karatasi moja, ila faili liko salama kwenye kompyuta.

Na mwanangu, kwa ajili ya binti yule na wengine: kwenye Word nenda File, Options, Save. AutoRecover kwa kawaida iko dakika 10. Iweke 2.

#24 Salha_T

Laptop imesafishwa, feni ilikuwa imezibwa na nyuzi za shuka. Sasa iko nyuzi 71 nikiwa na video tatu. Asante baba.

#25 MwanaNgamiani

Wiki ya tatu leo. Nimefungua eventvwr asubuhi: tukio 41 hakuna hata moja tangu siku ya betri.

Hesabu ya mama mdogo, kaniambia niiweke hapa kwa wengine wenye maduka. Betri 45,000, ekstensheni nene 18,000. Ya kupiga Windows na ramu, 55,000, imeshakwenda. Mazabodi 180,000 haikununuliwa. Ramu ya zamani tuliipata kwa yule fundi, nikaipima usiku na MemTest86+, haina kosa hata moja, sasa zote mbili ziko ndani na mashine ina GB 16.

BintiMakorora, mama mdogo anakuita dukani, cheti chochote utakachotaka kutoa kopi hulipi. Fundi Koleo, nakushukuru kama mzazi. AutoRecover iko dakika 2. Tarehe ya betri nimeiandika kwa maka peni juu ya UPS, na daftari bado liko kwenye droo ya risiti, ukurasa wa pili haujaandikwa kitu.